Intaneti kupitia nyaya za umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayetaka kutumia nyaya za umeme za nyumba yake kupeleka intaneti vyumba vingine, kwa vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vinavyoitwa adapta. Pia ni kwa anayejiuliza kwa nini nyaya za nje, zinazofika hadi kijijini, hazimletei intaneti. Tumeyaandika kwa mazingira ya volti 230 hadi 240 na hezi 50, yaani Tanzania, Kenya na majirani zao.

Nikichomeka adapta kwenye soketi, nitapata intaneti bila kulipia?

Hapana. Adapta hubeba intaneti ambayo tayari imefika nyumbani kwako. Ni lazima uwe na ruta inayoipokea kwa njia yake, iwe ni faiba, laini ya simu au 4G. Adapta ya kwanza inaunganishwa na ruta hiyo, ya pili inachomekwa chumba ambacho Wi-Fi haifiki, na nyaya zilizozikwa ukutani zinafanya kazi ya kebo kati yao. Mtu anayekuuzia kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kwa ahadi ya "intaneti ya bure kutoka kwenye umeme" anakudanganya. Usimpe hata senti.

Data inapitaje kwenye waya wenye volti 230?

Umeme wa nyumbani unageuka mara 50 kwa sekunde. Adapta inatuma ishara ndogo sana kwenye masafa ya juu, kuanzia karibu megahezi 2 hadi 30, na zile za kizazi kipya zaidi, AV2, hupanda hadi megahezi 86. Hata masafa ya chini kabisa hapo ni mara 40,000 ya yale ya umeme. Ndani ya adapta kuna kapasita inayozuia umeme wa hezi 50 na kuruhusu masafa ya juu yapite, ndiyo maana vitu viwili hivi vinasafiri kwenye waya mmoja bila kuvurugana.

Adapta haitumii mkondo mmoja mkubwa. Kiwango cha HomePlug AV, lugha ya pamoja ya adapta hizi, kilichotoka 2005, kinagawa masafa katika vijia zaidi ya 900, na kila kijia kinapimwa peke yake. Kijia kisafi kinabebeshwa data nyingi, chenye kelele kinabebeshwa kidogo au kinaachwa kabisa. Kumbuka jambo hili, kwa sababu matatizo karibu yote yaliyo hapa chini ni habari ya vijia vinavyokufa kimoja kimoja: kasi inashuka taratibu kabla mawasiliano hayajakatika.

Inafaa nyumba ya aina gani?

Inafaa zaidi pale ambapo ukuta unaua Wi-Fi na kutoboa ni taabu. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa ya kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na Wi-Fi huchoka ukuta wa pili. Ghorofa zenye sakafu ya zege na nondo ni vivyo hivyo. Nyumba ya uani, chumba cha mlinzi au duka la mbele pia hufaa, ilimradi umeme wake unatoka kwenye meni swichi ileile ya nyumba kubwa. Sehemu hizo zikiwa na mita yake kutoka nguzoni, usitegemee.

Kama unajenga sasa, au dari lako linapitika, acha adapta. Vuta kebo ya mtandao ya Cat6 ya shaba halisi, isiyozidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na kwenye bomba lake mbali na bomba la umeme. Kebo hiyo itakupa gigabiti nzima kila saa ya siku, jambo ambalo hakuna adapta inayoweza kuliahidi.

Boksi la adapta limeandikwa megabiti 600 kwa sekunde. Mbona napata 60?

Namba ya kwenye boksi ni jumla ya uwezo wa nadharia kwenye waya, kwenda na kurudi, kabla ya kutoa gharama za kusahihisha makosa na kupeana zamu. Ukipata theluthi yake umepata vizuri sana. Robo au chini ya hapo ni kawaida.

Halafu kuna mtego wa mlango. Adapta nyingi za AV500 na AV600 zina mlango wa kebo wa megabiti 100, kwa hiyo haziwezi kuvuka megabiti 95 hivi hata zikiwa zimechomekwa bega kwa bega. Ukitaka zaidi, nunua AV1000 kwenda juu zenye mlango wa gigabiti. Lakini jiulize kwanza unalipia intaneti ya kasi gani. Kwa kifurushi cha megabiti 20, adapta ya AV600 inatosha na kubaki.

Adapta za AV2 zilizo bora hutumia nyaya zote tatu: laini, nyutro na athi (waya wa kwenda ardhini). Hapo ndipo nyumba zetu nyingi zinapopoteza. Soketi ina tundu la athi lakini nyuma yake waya haujafungwa, au fimbo ya athi haipo kabisa. Adapta itafanya kazi, ila itarudi kwenye nyaya mbili na kasi itapungua. Ukigundua hivyo, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, au ya EPRA, mwenzake wa Kenya. Athi inalinda maisha ya watu wa nyumba hiyo, na intaneti ni faida ya ziada tu.

Nazifungaje?

1. Chomeka adapta zote mbili kwenye chumba kimoja, soketi jirani. Kuziunganisha zikiwa mbali ndiko kunakowafanya watu wadhani wameuziwa mbovu.
2. Subiri taa ya umeme itulie. Bonyeza kitufe cha kuoanisha kwenye ya kwanza kwa sekunde moja hivi, kisha ndani ya dakika 2 bonyeza cha ya pili.
3. Taa ya mawasiliano, mara nyingi yenye alama ya nyumba, ikitulia kwenye zote mbili, zimeshajuana. Siri yao imehifadhiwa na haipotei ukizichomoa.
4. Chomeka ya kwanza karibu na ruta na uunganishe kwa kebo kwenye mlango wa LAN (ule wa vifaa vya nyumbani).
5. Peleka ya pili unakotaka. Jaribu soketi zote za chumba hicho kabla ya kuamua. Soketi mbili zilizo kwenye ukuta mmoja zinaweza kutofautiana sana, kwa sababu moja imetoka moja kwa moja kwenye meni swichi na nyingine imezunguka nyumba nzima.

Kama zinakataa kuoana, shikilia kitufe kwa sekunde kama 10 ili zisahau mtandao wa zamani, kisha anza upya.

Nawezaje kupima bila kubahatisha?

Usipime kwa tovuti za kupima kasi, maana zinapima pamoja na intaneti yenyewe. Weka programu ya iperf3 kwenye kompyuta mbili, moja iunganishwe kwa kebo kwenye ruta, nyingine kwa kebo kwenye adapta ya mbali. Kwenye ya kwanza andika `iperf3 -s`. Kwenye ya pili andika `iperf3 -c` ikifuatiwa na anwani ya ya kwanza, mfano `iperf3 -c 192.168.1.20 -t 60`. Rudia ukiongeza `-R` mwishoni ili kupima upande wa kurudi. Pande mbili zinaweza kutofautiana sana, na hilo lenyewe ni dalili: upande unaopokea vibaya ndio wenye kelele karibu yake.

Pima mchana, kisha saa mbili usiku taa na televisheni zikiwa zimewashwa. Namba ya usiku ndiyo ya kuamini.

Je, naweza kuchomeka kwenye ekstensheni au fridge guard?

Ekstensheni ya kawaida inavumilika kwa shida. Yenye kinga ya kupanda ghafla kwa umeme, fridge guard, stabilaiza na UPS ni hapana kabisa. Vifaa hivyo vimewekewa vichujio vya kuzuia masafa ya juu, na ishara ya adapta ni masafa ya juu. Vinafanya kazi yake sawasawa, nawe unapoteza mawasiliano.

Adapta ichomekwe ukutani. Kama soketi ni moja tu, nunua adapta yenye soketi usoni, kisha chomeka ekstensheni au fridge guard kwenye soketi hiyo. Mpangilio huu ni mzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu soketi ya adapta ina kichujio kinachozuia kelele za vifaa hivyo zisiifikie ishara. Usizidishe ampea zilizoandikwa kwenye adapta. Pasi na jagi la umeme vitafutiwe soketi nyingine.

Mchana iko vizuri, jioni inakufa. Kwa nini?

Kuna vifaa vinavyopiga kelele na kuna vifaa vinavyomeza ishara, na tiba zake hazifanani.

Wapiga kelele ni vyenye mota ya brashi kama blenda, drili na cherehani ya umeme, swichi za kupunguza mwanga, jiko la indaksheni, pampu ya maji yenye kidhibiti cha mwendo, na zaidi ya vyote taa za LED za bei ya chini na chaja bandia za simu. Mtengenezaji aliondoa kichujio ili kupunguza gharama, na kelele yote inarudi kwenye waya wako. Taa moja mbovu inaweza kuvuruga nyumba nzima.

Wamezaji, ajabu yake, ni vifaa vizuri. Televisheni au kompyuta yenye kichujio bora ina kapasita kati ya laini na nyutro, na masafa ya juu yanaiona kapasita hiyo kama njia ya mkato. Ikiwa kwenye soketi pacha na adapta, ishara inaishia hapo.

Mtafute mkosaji hivi: acha iperf3 ikiendelea kwa dakika kadhaa, kisha zima sakiti breka moja baada ya nyingine, isipokuwa ile ya soketi zenye adapta, huku ukitazama namba. Ikiruka, umejua sakiti. Iwashe tena na uchomoe kifaa kimoja kimoja. Kuzima kwa swichi ya kifaa hakutoshi, maana chaja inaendelea kunywa umeme na kupiga kelele hata bila simu. Mpiga kelele mbadilishe. Mmezaji msogeze, hata mita tatu za waya zinasaidia, au mpitishe kwenye soketi ya adapta yenye kichujio.

Nyumba yangu ina fezi tatu.

Adapta zikiwa kwenye fezi tofauti, ishara inavuka kwa kurukia tu, pale nyaya zinapolala pamoja kwenye bomba na ndani ya meni swichi. Mara nyingi inavuka, lakini imedhoofika. Njia rahisi ni kuchomeka adapta iliyo karibu na ruta kwenye soketi ya fezi ileile inayolisha chumba unachokitaka. Fundi anaweza kukuonyesha fezi hiyo kwenye ubao wa meni swichi. Kuna pia kiunganishi cha fezi kinachofungwa hapo kwenye ubao. Hicho ni kazi ya fundi mwenye leseni, kwa kuwa kati ya fezi na fezi kuna takriban volti 400.

Nina sola, inveta au jenereta.

Inveta ndiyo inayowachanganya watu wengi. Nyumba yenye inveta huwa na sakiti za pande mbili: za lazima zinazolishwa na betri, na nyingine za umeme wa kawaida. Ruta ikiwa upande wa betri na adapta ya pili upande wa pili, ishara inalazimika kupenya inveta yenyewe, na mara nyingi haipenyi. Weka adapta zote mbili upande wa betri. Hapo hata umeme ukikatika zinaendelea.

Inveta za bei nafuu zinazotoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini hujaza kelele kwenye waya. Ukiona kasi inaporomoka kila umeme unapokatika, chanzo ni hicho, na adapta ya bei ghali zaidi haitakusaidia.

Jenereta yenye swichi ya kubadilishia haileti sana tatizo hili, kwani nyumba nzima inabaki upande mmoja.

Jirani anaweza kuingia kwenye mtandao wangu?

Anaweza, kama hukuoanisha. Mita haizuii ishara kabisa, inaipunguza tu. Kwenye nyumba za kupanga zenye mita ndogo kwa kila mpangaji, ishara inatoka chumba hadi chumba bila taabu. Adapta za HomePlug AV hutoka kiwandani na jina moja la mtandao kwa wote, na zikichomekwa bila kuoanishwa zinaweza kuungana na zozote zilizo hivyohivyo. Kitufe cha kuoanisha hutengeneza ufunguo mpya wa siri (AES wa biti 128), na jirani hapati kitu. Kwa hiyo hatua ya 2 hapo juu usiiruke, hata kama taa zimewaka zenyewe.

Usalama haumalizi tatizo la msongamano. Jirani akiwa na adapta zake, mnagawana waya mmoja na kupokezana zamu.

Nimeweka ruta ya zamani mwisho wa adapta, sasa hakuna kinachofanya kazi.

Una ruta mbili zinazogawa anwani. Kama ruta kuu ni 192.168.1.1, ipe ya zamani 192.168.1.2, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), na kebo ya adapta iingie kwenye mlango wa LAN, usiutumie ule wa WAN wa kupokelea intaneti. Baada ya hapo inakuwa kituo cha Wi-Fi tu.

Kosa jingine ni kuunganisha adapta na kebo ya kawaida kwa pamoja kati ya swichi zilezile mbili za mtandao, kwa kudhani kasi itaongezeka. Data inazunguka bila mwisho na mtandao mzima unaganda. Chomoa njia moja.

Zinakula umeme kiasi gani?

Adapta ndogo hutumia takriban wati 3. Mbili zikikaa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 4.3 za LUKU au tokeni. Nyingi hulala zenyewe kifaa kilichounganishwa kikizimwa.

Naweza kuchanganya chapa?

HomePlug AV na AV2 zinaelewana hata zikitoka kwa watengenezaji tofauti, kwa kasi ya iliyo dhaifu. G.hn, inayotumiwa mathalani na devolo Magic, ni lugha nyingine. Haielewani na HomePlug, na zikiwa nyumba moja zinapigiana kelele. Chagua ukoo mmoja.

Ukiagizia nje, tazama pini. Za Uingereza, Oman na Dubai zinaingia moja kwa moja kwenye soketi za Tanzania, Kenya na Uganda. Za Ujerumani zinahitaji kibadilishi, ambacho mara nyingi hupoteza athi. Lebo isome volti 100 hadi 240.

Kwa nini basi shirika la umeme lisitumie nyaya zake kutuletea intaneti?

Limekuwa wazo la watu wengi, na limejaribiwa kwa pesa na kwa dhati. Nchini Uingereza, kampuni ya umeme ya Norweb na ya mawasiliano ya Nortel zilitangaza mpango wao Manchester 1997, na 1999 ukaachwa. Nguzo za taa za barabarani ziligeuka antena na kurusha ishara hewani. Marekani, mamlaka ya mawasiliano, FCC, ilipitisha kanuni Oktoba 2004, mji wa Manassas, Virginia, ukafungua huduma kwa wakazi wake 2005 na kuifunga 2010. Kampuni ya IBEC, iliyohudumia vijiji vya Alabama na kwingineko, ilifunga mapema 2012 baada ya vimbunga vya 2011 kuharibu mitambo yake.

Sababu ni za kifizikia, na zingetukuta hata sisi. Transfoma imeundwa kwa hezi 50, kwa hiyo karibu inazuia masafa ya megahezi. Inabidi ufunge kifaa cha kuipita kila ilipo. Marekani transfoma moja hulisha nyumba chache, kwa hiyo vifaa ni vingi mno. Kwetu moja hulisha nyumba nyingi, kwa hiyo wote wanagawana mkondo mmoja mwembamba. Waya wa nguzoni hauna kinga kama kebo ya mtandao, unarusha na kupokea kila kitu, na kila mamia ya mita unahitaji kifaa cha kuikuza ishara. Wapenzi wa redio walipinga, na walikuwa na haki: masafa hayohayo ndiyo ya mawimbi mafupi. Ukiweka redio ya mawimbi mafupi karibu na adapta ya nyumbani utasikia mkwaruzo mwenyewe. Isogeze redio, au tumia betri badala ya umeme wa ukutani.

Mbona nasikia kuna intaneti kwenye nyaya za TANESCO na Kenya Power?

Ipo, lakini ni faiba. Waya wa juu kabisa kwenye minara ya msongo mkubwa, ule wa kukinga radi, mara nyingi una nyuzi za kioo ndani yake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania umepita kwenye njia hizo za TANESCO, na Kenya Power hukodisha nyuzi zake kwa kampuni za mawasiliano. Umeme na mwanga vinashiriki mnara, havishiriki waya wa shaba. Nguzo ndiyo mali ya thamani hapa, na kwa maoni yetu huu ndio mchango wa kweli wa mashirika ya umeme kwenye intaneti ya vijijini.

Kioo hakihitaji umeme. Umeme ukikatika, faiba yako hufa kwa sababu kifaa cha ukutani na ruta vimezimika. UPS ndogo ya volti 12 inaviweka hai, mradi ampea zake zitoshe vyote viwili kwa pamoja.

Rimoti ya LUKU nayo inatumia nyaya za umeme?

Zipo za aina hiyo. Mita ikiwa nguzoni au nje, na kifaa cha kuingizia tarakimu 20 kikichomekwa kwenye soketi ndani, mara nyingi vinazungumza kwa waya, kwa masafa ya chini sana yaliyo mbali na yale ya adapta za intaneti. Linky, mita za Ufaransa, hutuma matumizi kwa njia ya namna hiyohiyo.

Rimoti ikionyesha kwamba haioni mita, ichomoe kwenye ekstensheni na uichomeke soketi ya ukutani iliyo karibu zaidi na meni swichi. Chomoa chaja, televisheni na inveta, subiri dakika moja, kisha ingiza namba tena. Ikikubali, rudisha vifaa kimoja kimoja hadi umjue anayevuruga. Kama uniti zimeisha na mita imekata, soketi haina umeme, kwa hiyo hakikisha betri za rimoti ni nzima kabla siku hiyo haijafika.